Lango la Pampu

Wiki iliyopita nilikuwa Muthangari kwa binti yangu, na mjukuu wangu wa kike, aniitaye Guka, akanikalisha mbele ya kompyuta anifundishe kujenga. Katika mchezo wake dunia nzima ni matofali; unayavunja na kuyapanga upendavyo. Alitaka zizi la ng'ombe lenye lango la kujifunga. Akanipa pistoni, tofali lenye mkono unaochomoka na kusukuma tofali lililo mbele yake. Nilipanga mbili, nikabonyeza swichi, mawe yakasogea, zizi likafungika. Nilipobonyeza tena, mikono ilirudi, mawe yakabaki palepale.

"Guka! Umeweka za kawaida," akacheka. "Hizo zinasukuma tu. Ungeweka zile ziko na gundi, zinavuta kitu inarudi. Ona sasa, ng'ombe wangu wamekuwa wafungwa!"

Wajua, rafiki yangu, lango la namna hiyo niliwahi kulijenga utotoni, Dagoretti, nyuma ya nyumba ya nyanya. Dada yangu mkubwa na mimi tulikuwa na mji wa udongo mwekundu, matofali yake tukiyafyatua kwa mkebe wa samaki. Asubuhi ng'ombe wa kichinjioni walilia, harufu ya mahindi ya kuchoma ikatufikia, nasi tulikuwa tumeshachota maji tupate ruhusa ya kucheza. Mji ulikosa lango tu.

Jirani yetu alibeba matumbo ya ng'ombe kwa baiskeli hadi sokoni. Nilichomoa pampu yake, nikailaza udongoni, mpini nikaufunga kwenye mkebe uliokuwa lango. Ukipuliza mrija wake wa mpira kwa mdomo, mpini ulitoka taratibu na kusukuma mkebe hadi lango likafungwa. Dada alipiga makofi, kisha akasema, "Irudishe kabla hajaamka." Niliirudisha imejaa udongo.

Siku hiyo gurudumu lake lilipata pancha mbali na watu. Alirudi jioni, nzi wakimfuata, akamwendea nyanya, aliyeitwa Cucu na wote.

"Cucu, matumbo yote yameoza! Nimeikokota baiskeli kama mgonjwa! Nani ameipa pampu yangu ugali wa matope?"

Nyanya alikuwa na msemo: mwizi hutambuliwa kwa mikono. Akatupanga mstari. Mimi nilikuwa nimenawa. Dada alikuwa bado anabomoa mji ili kuficha kosa langu, matope hadi viwikoni. Nyanya alipouliza, nilimnyooshea dada kidole. Dada alinitazama tu.

Alipelekwa kwa shangazi mashambani akapalilie hadi likizo iishe, apate adabu. Likizo iliisha, shangazi akasema mikono yake inafaa. Hakurudi shuleni. Mimi niliendelea hadi sekondari, nikapata kazi ya ofisi mjini.

Pale nyuma ya nyumba sasa pana ghorofa za kupangisha, na kichinjio sikisikii tena. Hayo sikuyalilia sana. Lakini kwa miaka mingi, kila familia ilipokutana, kisa cha pampu kilisimuliwa kama kichekesho, na dada, mtundu wa hadithi hiyo, alicheka na wote. Hakunisahihisha hata mara moja.

Mwaka jana tulimzika. Niliombwa niseme machache kuhusu utoto wake. Nilisimama kando ya jeneza nikasimulia jinsi alivyoiba pampu. Waombolezaji walicheka, wakashukuru kwa kumbukumbu nzuri. Niliketi. Aliyeujua ukweli pamoja nami alikuwa mmoja tu.