Wako Pasi

Juzi nilikuwa ng'ambo ya mpaka, Karonga, mama mmoja muuza mchele akaniambia mzigo wangu niuweke pasi. Chini, yaani. Wangonde wa kule na sisi Wanyakyusa neno hilo ni letu sote. Nikauweka, kisha nikabaki nimeinama vilevile. Nilikuwa nimemkumbuka bibi.

Kwetu Ndandalo, pasi haikuwa chini tu. Tulizika migombani, kando ya nyumba, na waliozikwa tukasema wako pasi. Mchungaji alituhubiria kuzimu. Bibi alisikiliza kwa adabu, lakini akirudi, huku akimenya ndizi za mchana, alinung'unika kwamba kuzimu kuna moto, pasi kuna ubaridi mzuri, na watu wake hawajahamia popote.

Ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa. Mitumba na sabuni za rangi zilimiminika kutoka mpakani, na mpunga wetu ukawa unagombewa na wanunuzi wageni. Mmoja, mtu wa Pwani, aliitamani migomba yetu iliyopakana na barabara, ajenge ghala. Wajomba walikwishalainika. Akabaki bibi. Yule bwana akamuuliza wenye eneo wako wapi.

"Wako pasi," bibi akasema.

Bwana akadhani wamekwenda kufuata pasi za kuvukia mpaka. Akasema atawasubiri. Wiki iliyofuata alirudi na sukari ya bibi, akauliza kama wamefanikiwa, au maofisa wanawazungusha. Jirani yetu alicheka mpaka akakaa. Bibi hakucheka, maana bwana alikuwa ameshaingia migombani, anapima kwa hatua.

"Umesimama juu ya mume wangu, mwanangu. Shuka kwanza, ndipo tuongee."

Akaruka pembeni, akavua kofia. Aliomba radhi kwa bibi, kisha, kwa sauti ya chini, kwa udongo. Ghala alikwenda kulijenga kwingine.

Bibi alipofariki tulimlaza palepale, ubavuni mwa mumewe. Wajomba hawakukawia kuuza. Siku hizi pana nyumba ya wageni, na ua umemwagwa saruji hadi barabarani. Nilipotoka Karonga nilipita hapo, nikasimama getini, sijui pa kukanyaga.

Mlinzi, kijana mpole wa palepale, akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia bibi yangu, yuko pasi.

Neno alilijua. Akasema hapa vyumba vyote viko pasi, hakuna ghorofa, nimsubiri akaniulizie mapokezi.

Nikamwacha aende.