Kanga Waliosimama kwa Vichwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewavisha ndege manyoya kabla sisi hatujaijua sindano. Kwa idhini yake nawaandikia ninyi vijana mnaoniuliza njia ya kufikia ubunifu wa mavazi.

Mimi nilianza kwa kufumua. Nilitoka Kigwa kwa treni baada ya darasa la saba na miaka yangu ya madrasa, nikapokelewa kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini Tabora. Barazani palikuwa na cherehani nne, na mkubwa wetu alikuwa Fundi Mkuu, Mnyamwezi mpole aliyesahau futi kamba shingoni hata akienda msikitini. Siku ya kwanza alinipa koti kuukuu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Fumua lote. Usikate uzi kwa hasira."

Nilifumua kwa miezi. Nikaona jinsi mkono unavyokaa begani, na mahali fundi alipoacha akiba, yaani kitambaa cha ziada ndani ya mshono cha kupanulia nguo mwenyewe akinenepa. Baadaye nikapewa kanzu. Tulizikata kwa kukunja kitambaa, mkunjo ukakaa mabegani, hivyo mbele na nyuma vikawa kipande kimoja. Nilizikata hadi mikono ikazizoea kuliko akili.

Ndipo akaja Mama Monika, mwimbaji wa kwaya kutoka Kaliua. Alileta kitenge chenye picha za kanga, ndege wale wa madoadoa, zawadi ya mwisho ya marehemu mumewe. Alitaka gauni la kuvaa Jumamosi, binti yake akifunga ndoa.

"Kanga kwenye kitenge!" akacheka fundi mwenzangu, Saidi. "Mama, amua basi unavaa kipi!"

"Wewe shona, mdomo uuache nyumbani," akajibu mama. "Kitenge kingine kama hiki hakipo."

Fundi Mkuu akanitazama. "Leo kata wewe. Ukiweza, utakuwa mkataji wetu wa magauni. Ukiharibu, unarudi kufumua."

Nikakata kama kanzu. Nilipokiinua, kanga wa mbele walisimama vizuri. Wa nyuma walikuwa vichwa chini, miguu juu. Kitambaa cheupe cha kanzu hakina juu wala chini. Cha picha kinavyo, nami sikuangalia.

"Shona tu," Saidi akaninong'oneza. "Mgongo wake atauonea wapi?"

Nilitamani kumsikiliza. Lakini nilifundishwa tangu mdogo kwamba kitu cha mtu mkononi mwako ni amana. Nikaenda hadi kwa dada yake Mama Monika, alikofikia, nikamwonyesha mama mwenyewe. Alikipapasa kitambaa.

"Mwanangu, umewaangusha ndege wangu."

"Nisamehe, mama. Nipe hadi Ijumaa niwasimamishe."

Nilitenganisha vipande mabegani, nikageuza cha nyuma, pindo likawa juu. Tundu la shingo likaangukia chini, nikaliondoa, gauni likawa fupi. Mwenye duka akanipa kitambaa cheusi kisicho na picha. Nikakiunga mabegani, mbele na nyuma, na ukanda mpana chini ili urefu urudi. Neno ubunifu sikulijua. Nilikuwa naogopa tu.

Ijumaa mama alilivaa, akageuka mbele ya kioo.

"Haya mabega meusi sikuyaagiza," akasema. Akapitisha kiganja begani. "Lakini baba Monika angeyapenda."

Fundi Mkuu alisubiri mama atoke. "Jumatatu kuna magauni sita ya kukata," akaniambia. "Na kila kitambaa, kwanza ukitazame kinaangalia wapi."

Nilikata kwa miaka mingi, hadi macho yalipochoka nikastaafu. Ninyi mnaona mitindo ya Dar kwenye simu, ni jambo jema. Ichoreni. Nendeni chuo cha ufundi mkiweza. Lakini pia fumueni nguo kuukuu, pimeni wanene na wembamba, wazee na wajawazito. Na siku mtakapoharibu, maana mtaharibu, nendeni kwa mwenye nguo kabla hajawajia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira, akuletee wateja wenye huruma, na akujaalie uzee wa kushukuru kama alivyonijaalia mimi. Amina.