Jumaine, Aliyemrusha Marehemu

Mume wangu Lusenge ni seremala wa mtaa wa Mususa, lakini mji wote wa Butembo ulimjua kwa jina la Marehemu. Jina hilo alipewa kwenye catch, mieleka ile iliyotufikia kutoka Kinshasa na vituko vyake: huyu anatema moto, yule anaingia ulingoni na kuku mweusi, mwingine anajigamba kwamba risasi zinamwogopa. Lusenge alijichongea jeneza. Kila pambano alirushwa, akafa, akabebwa na watu sita ndani ya sanduku, kisha akafufuka na kurudi ulingoni. Siku za kawaida nilitunza maharagi ya Masereka humo, wala sikuona haya.

Mimi nilikuwa mjane wake. Kazi yangu ilikuwa kugaagaa kando ya ulingo nikipiga mayowe, na sijisifu, lakini watu walilipa ili kunisikia.

Mshindani wake mkubwa alikuwa Jumaine wa Beni, dereva wa lori la kwenda Kasindi mpakani, Mwislamu mpole mwenye mabega kama mlango. Ulingoni alivaa barakoa ya chui na kuitwa Nyundo. Hakuwahi kupigwa, hata goti lake halikuwahi kugusa chini. Watoto wa Beni walitembea nyuma yake sokoni.

Watazamaji hawajui kwamba katika catch anayekurusha ndiye anayekulinda. Akishakuangusha anakuminya mkono kwa siri. Nawe ukimminya, ajue u mzima, mchezo unaendelea.

Mwaka juzi, huko Beni, Jumaine alimrusha Lusenge kama siku zote, ila mguu wake uliteleza. Lusenge akaangukia shingo. Jumaine akamminya mkono. Mkono haukumjibu. Akaminya tena.

Wabebaji wakaja na jeneza wakiimba. Mimi nikaanza mayowe yangu, tena vizuri kuliko siku zote. Mungu anisamehe, mume wangu alikuwa amelala pale hawezi kusogeza kidole, na mimi nasikiliza kama sauti yangu inafika nyuma.

Jumaine akapiga magoti, akashika kichwa cha Lusenge kwa mikono miwili kisitikisike.

"Mutu asimuguse! Hii hapana muchezo!"

Watu wakacheka. Wabebaji wakafikiri ni kituko kipya, wakamvuta Lusenge miguu. Jumaine akawasukuma kwa mabega bila kuachia kichwa. Maganda ya miwa yakaanza kumwangukia. Akaisugua barakoa begani mpaka ikamtoka, na watu wote wakaona Nyundo analia.

"Shemeji, acha kulia ya muchezo!" akaniambia. "Lia ya kweli! Ita docteur!"

Ndipo nilipoelewa. Nikakimbia bila viatu.

Daktari alipofika, tulimlaza Lusenge juu ya kifuniko cha jeneza, tukamfunga asitikisike. Akasema kwamba kama wangemkunja kumtia sandukuni, angekufa kweli, au asingetembea tena. Miezi minne alivaa kola ya plastiki shingoni. Leo anapiga randa kama zamani, ingawa nikimwita lazima ageuze mwili mzima.

Jumaine ndiye aliyepoteza jina. Waandaaji wa catch hawamwiti tena, maana nani atalipa kumwogopa mtu aliyelia? Hata wapakiaji wa Kasindi wanamwita Mulizi, mtu wa kulialia.

Jumapili iliyopita alipitia kwetu. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, na kuku niliyemchinjisha kwa jirani Mwislamu ili mgeni wetu ale kwa amani. Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia kwamba namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi, na kwamba nasikia vibaya sana kuhusu jina lake, kwa sababu lilipotea kwa ajili yetu.

Jumaine akatazama sahani yake.

"Shemeji, miaka kumi na mbili nilikuwa natupa batu chini pale ulingoni," akasema. "Hapana mama hata mumoja alinipikia ju ya ile. Niongezeeko sombe."