Juisi ya Kupigia Picha

Hajira aliwahi kuuza juisi ya ukwaju pale stendi ya Korogwe, ukwaju halisi, na Mungu ni shahidi, hakuna aliyeinunua. Ilikuwa tamu, ila rangi yake ilikuwa ya maji ya mfereji baada ya mvua. Siku moja akapaka glasi glisarini kwa nje ili ionekane inatoka jasho la baridi, akaipiga picha kwa simu na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Watu wakaja mbio. Juisi hawakuitaka, walitaka awapigie picha za juisi zao.

Hiyo ndiyo kazi yake hadi leo. Mwenye mgahawa akitaka bango la barabarani, humwita Hajira. Povu lake ni sabuni ya vyombo. Barafu yake ni plastiki, kwa sababu barafu ya kweli haina subira na mpiga picha. Juisi yenyewe ni maji, rangi ya keki na chai kidogo, na akimaliza humwaga yote chooni. Miaka sita sasa hakuna aliyeonja kinywaji chake, na sifa za vinywaji vyake zimefika mpaka Handeni.

Mtu wa namna hiyo naye ana moyo. Wa Hajira ulikuwa kwa Mustapha, mfanyabiashara wa machungwa wa Mashewa, aliyefiwa na mkewe. Mustapha alikuwa tayari. Kikwazo kilikuwa mama yake, Bi Mwantumu, ambaye alishaambiwa kuwa mchumba wa mwanawe hajui kupika, anajua kupamba.

"Barua ya posa haitoki nyumbani kwangu," Bi Mwantumu alisema, "mpaka ninywe kitu kilichotoka mkononi mwa huyo mwanamke."

Hajira alikuwa na miaka thelathini na tisa, ameshaachika mara moja, na alimpenda Mustapha kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alijua nafasi nyingine haiji.

Siku ya ugeni alitengeneza juisi ya ukwaju jagi zima, akaliweka kwenye friji. Wageni walisema watafika saa kumi. Kwa tamaa ya kumaliza kwanza kazi ya mteja, akapanga na glasi tatu za picha juu ya meza ya sebuleni. Mara umeme ukakatika. Hajira akatoka kutafuta barafu mtaani, barafu ya kweli, kitu ambacho hakuwa amekigusa kwa miaka.

Wageni wakafika saa nane: Bi Mwantumu na shemeji yake, mzee Mhina. Aliyewapokea ni shangazi Mwaija, aliyemlea Hajira tangu walipokuwa Mazingara. Akawaketisha, akafungua friji, akakuta jagi la kahawia lenye machicha yaliyotuama chini. Akageuka, akaona glasi mezani: nyekundu, zina povu, zinatoka jasho. Shangazi alijua mtoto wake anapiga picha. Kilichomo ndani ya glasi hakuwahi kuambiwa, maana Hajira aliogopa kusemwa. Hebu sema kweli, ungekuwa wewe ungewapelekea wakwe kipi?

Hajira aliporudi na mfuko wake wa barafu, alikuta glasi mbili zimefika nusu. Mzee Mhina alikuwa na povu kwenye masharubu na kitu mdomoni alichokuwa akikitafuna kwa bidii, nacho hakitafuniki. Huku kwetu mgeni hakatai kinywaji alichopewa, wala hakitii kasoro. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wazee wale walikuwa wanaoga.

"Kitamu," alisema Bi Mwantumu, sauti ikimkwaruza.

"Sana," alisema mzee Mhina, akitazama dirishani.

Shangazi alitabasamu kwa fahari. Hajira akasimama mlangoni. Angenyamaza tu, barua ingekuja. Sifa zilishatoka kwa vinywa vyao wenyewe. Kisha akamwona Bi Mwantumu akiinua glasi tena.

"Mama, usinywe!" alisema. "Hiyo ni ya picha. Povu ni la sabuni ya vyombo. Nisamehe."

Shangazi Mwaija akajifunika uso kwa khanga. Bi Mwantumu akaiweka glasi chini taratibu.

"Nimefua nguo miaka hamsini," alisema. "Unadhani sabuni siijui?"

"Mbona sasa umekunywa?"

"Ningetema, mwanangu angeoa nani? Sura yake akikutaja siku hizi huijui. Haya, lete hicho cha kunywa watu."

Mzee Mhina akatumia nafasi hiyo kutoa plastiki yake mdomoni.

Hajira akaleta jagi kama lilivyo, na rangi yake ya mfereji, akamimina. Bi Mwantumu akaonja, akakunja uso bila kuficha.

"Sukari imepungua," alisema. "Na ukwaju hujauchuja vizuri, machicha yamejaa. Nikija tena nitakuonyesha."

Hajira akaketi palepale mkekani kwa furaha. Maneno kama hayo mgeni hayasemi nyumbani kwa watu. Huyasema mama mkwe.