Makofi ya Wanahisa

Asubuhi ile nilifunga nyumba ya mama pale Zuzu, nikamwachia jirani ufunguo, nikashika njia. Sikuwa na safari. Nimezoea kuondoka hivyo tangu nilipoacha shule darasa la sita, ila zamani nyuma yangu alibaki mtu wa kuuliza nitarudi lini.

Nyuma ya nyumba mizabibu ilikuwa imekauka kwenye nyaya. Mama aliipanda mwenyewe. Kiwanda cha mvinyo kilipouza hisa kwa umma, alinunua chache, akasema, "Sasa na mimi ni mwenye kiwanda." Majirani wakamtania, wakawa wanamwita Bosi. Aliitika.

Kisha ikaja taarifa ya mkutano mkuu: bodi inapendekeza kiwanda kihamie pwani. Mimi hupenda kujua mambo, nikaulizia huku na huku mpaka nikaelewa kwamba mwanahisa, hata wa hisa moja, ana haki ya kuuliza kabla ya kura. Mama akatunga swali lake huku akipalilia: kiwanda kikiondoka, zabibu zetu tumpelekee nani? Zabibu zikishavunwa hazingoji.

Ukumbini, mimi nisiye na hisa nikakalishwa nyuma. Mama alipopewa kipaza sauti aliwaamkia wakubwa. Akauliza habari za nyumbani kwao. Akampa pole mjumbe wa bodi aliyefiwa. Akashukuru kwa mvua. Kwetu Wagogo swali halitangulii salamu. Anayeanza na shida yake amewadharau wenyeji.

"Mama, tumekupata," mwenyekiti akasema, akitabasamu. "Tumpigie makofi mama yetu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama akainama kidogo, kwa adabu, akaketi. Kura ikapigwa, pendekezo likapita.

Nilimfuata katibu wa kampuni mlangoni. "Yule mama hajauliza," nikamwambia.

"Ndugu yangu, taratibu zimefuatwa. Mwanahisa amepewa nafasi, amechangia, imeandikwa."

Njiani mama alisema tu, "Wale kwao hawaamkiani?" Hakulitaja tena. Msimu uliofuata tulivuna, tukakaa kivulini na matenga yetu, tukingoja gari ambalo halikuja. Nyuki walikuja. Mvua zilizofuata hazijaisha, tukamzika.

Basi asubuhi ile ya kufunga nyumba nilipanda gari la kwanza lililosimama, likanishusha Kondoa. Jingine likanifikisha Busi jua likiwa limelala. Nikaelekezwa nyumba yenye vyumba vya wageni. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alikuwa barazani akipeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utokako hawajambo? Mvua ipo? Mazao je? Na mifugo?" Alikwenda taratibu, nami sikumkatiza. "Na mama, hajambo?"

"Tumemzika. Alikuwa na swali, hakufikia kuliuliza."

Akaweka ungo chini. "Swali gani?"

Nikamweleza, nikianzia mbali, kwenye salamu, kama ambavyo angeanza marehemu mwenyewe. Alisikiliza mpaka nikafika mwisho.

"Sasa zile zabibu mlimpa nani?"

"Ndege."

Hakusema pole. Aliutazama mtama wake, akainuka kwenda kunitandikia kitanda.