Wimbo Nilioufukia Chini ya Nyimbo Tisa

Nakumbuka siku moja ya harusi, Mwanangu, nilipoketi nje ya ua wa makuti nikausikiliza ujinga wangu ukipigwa kwa sauti ya juu. Ilikuwa Kibarani, miaka ya themanini, kaseti ndiyo yenye enzi, nami kijana mwenye gitaa, cheti cha kidato cha nne, na uvivu wa kutoka nyumbani.

Nilikuwa na wimbo mmoja wa asmini. Huo, nisijisifu, ulikuwa mtamu; nikiupiga barazani, wanawake wa mtaa waliuitikia huku wakikuna nazi. Binamu yangu Zuhura, aliyekuwa akiolewa, akaniomba: "Kaka, nirekodie huo tu. Nataka nitolewe nao mbele ya wanawake."

Huo tu? Mimi? Nilitaka kaseti kamili, pande zote mbili, yenye picha yangu nimeshika tama kama mwenye mawazo. Nikajifungia ndani nikakamua nyimbo nyingine tisa: mmoja wa homa yangu, mmoja wa mbuzi wa jirani yetu Bi Riziki, nyingine hata sizikumbuki. Wa asmini nikauweka mwisho wa upande wa pili, ili watu wazisikilize zote kwanza. Akili nyingi huondoa maarifa.

Siku ikafika. Zuhura yuko nyuma ya pazia, hina imekolea; wanawake wamejifunga leso viunoni. Bi Riziki akaiwasha redio kaseti. Ukatoka wimbo wa homa.

"Kwani huyu yu mgonjwa?" akauliza mtu.

Ukafuata wa mbuzi. Betri zilikuwa chovu, basi Bi Riziki akaitoa kaseti, akaizungusha kwa kalamu kuutafuta wa asmini, akairudisha. Mbuzi bado! Akazungusha tena kwa hasira, utepe ukamwagika kama tambi.

Nikasema moyoni, nimeiharibu harusi ya watu. Lakini Bi Riziki hakungoja. Akapiga kofi, akauanza mwenyewe wimbo wa asmini, na ua mzima ukaitikia. Zuhura akatoka kwa vigelegele. Nami kule nje nikacheza peke yangu, shahidi wangu yule mbuzi.

Wiki ile ile nikaurekodi wa asmini peke yake, upande huu na upande huu. Ukafika Malindi, ukafika Junju, hata Rabai wakautolea maharusi. Zile tisa hakuna aliyeziulizia.

Basi Mwanangu, wewe unayeona haya kutoa wimbo mmoja mmoja kwa kuwa hujapata albamu: kizuri chako kitoe kingali moto. Usijaze kapu ili lionekane zito. Usimsimamishe bibi harusi nyuma ya pazia. Homa yako mwambie daktari. Na betri nunua mpya. Mola akupe sauti, na akupe watu wa kuiitikia siku utepe utakapokatika.

Nilipomsomea haya Bi Riziki, ambaye hata leo tumepakana ukuta, alinikata: "Shauri la kwanza lilitosha. Hayo mengine ni zile nyimbo tisa."