Fimbo Kati Yangu na Baba Mkwe

Siku ile kanisani walikuwepo hawa. Mimi, mke wa mtoto wa pili wa mzee. Mzee mwenyewe, baba mkwe wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni tangu ujana wake. Mchungaji, kijana kutoka Mbozi asiyejua Kinyakyusa, ndiyo maana mkutano wote ulikwenda kwa Kiswahili. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mwenye duka Tukuyu. Mama yake na mama mkwe wangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo kwangu ni shemeji, na yeye alimwita mzee baba mkubwa. Jirani yangu mjane, niliyebatizwa naye siku moja na kuimba naye kwaya. Na waumini wengine, watu wa chai na watu wa migomba, wanaume kulia, wanawake kushoto. Kuna waliotoka Matwebe kwa miguu. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa Tunduma.

Majina yao ninayo yote, mpaka ya watoto waliokuwa mgongoni. Lakini jina la baba mkwe sijawahi kulitamka tangu nilipoolewa, na kama la kwake silitaji, sioni kwa nini nitaje ya wengine. Nimeyaacha yote.

Kwetu mke hamkaribii baba wa mume wake. Tunaita ukutila, yaani ile hofu ya heshima. Hamwangalii usoni, haingii nyumbani kwake, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba, najifunika kanga, nageuza mgongo mpaka apite. Naye akihisi niko karibu alikohoa makusudi ili nipate nafasi ya kukimbia. Wamisionari walisema mambo hayo yaliishia msalabani. Wazee wa kanisa waliitikia vizuri kabisa, halafu wakatuwekea sisi wanawake mlango wa pembeni, ili tusikutane na baba wakwe tukiingia ibadani. Basi tukawa Wakristo, na bado tukawa tunakimbia.

Mama mkwe alipofariki, mji ulipungua. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Sukari ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni Tukuyu, kila aliyekuwa na miguu alikuwa anauza kitu. Kiwandani kwa chai walipunguza watu, mume wangu akapunguzwa, akaanza kwenda Tunduma kufuata bidhaa. Binti zetu walikuwa wameolewa, na watoto wa kiume wako Dar es Salaam. Nikabaki mimi na mzee, nyumba mbili zinazotazamana, na mtu ambaye sitakiwi kumwona.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Na koo lilimkamata, sauti ikawa ndogo kama ya mtu anayesali peke yake. Chakula nilikuwa namwekea kizingitini. Kusema naye moja kwa moja hairuhusiwi, kwa hiyo tulisema kupitia kuku aliyezoea kulala pale mlangoni.

"Wewe kuku," nilisema, "mbalaga ya ndizi iko mlangoni, bado ina moto."

Naye kutoka ndani: "Kuku, mwambie aliyekutuma kwamba jana alipika ndizi kwenye chumvi."

"Kuku, mwambie chumvi ya siku hizi ya wafanyabiashara ni kali."

Namsikia anacheka mpaka anakohoa.

Ndipo likaja jambo la jengo. Kwetu kuna jengo la matofali la shule ya misheni. Mzee alifundisha humo, nami nilikaa humo miaka michache mpaka nikaweza kusoma kitabu cha nyimbo, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Baada ya uhuru serikali ilichukua shule zote, baadaye ikajenga mpya kule barabarani, na jengo letu likageuka stoo ya mbolea. Sasa serikali ilikuwa imesema makanisa yanaweza tena kuwa na shule, na jengo lilikuwa limerudishwa. Kamati ilitaka iwe sekondari. Kila mtu alifurahi. Lakini shemeji yangu mwenye duka alikuwa na hoja moja: wapokelewe watoto wa kanisa letu tu. Walitunyang'anya, alisema, sasa tumerudishiwa, kila kanisa lijenge la kwake. Hoja ilikuwa iamuliwe Jumapili, baada ya ibada.

Jirani yangu mjane alinisimulia hayo kwa sauti tukiwa tunamenya ndizi uani, na mzee akasikia. Siku ile hakula. Kesho yake asubuhi akasema, "Kuku, mwambie nataka kwenda kwenye mkutano."

"Kuku, mwambie mume wangu hajarudi, hakuna wa kumpeleka."

"Kuku, mwambie kwamba mimi ndiye niliyekabidhi funguo za shule ile. Wote niliokuwa nao wamekufa. Nikifa sijasema, watoto wataambiwa kwamba nchi hii ilianza kwa kutuibia."

Nilikwenda kwa wanaume majirani, mmoja alikuwa msibani Masoko, mwingine alisema, "Mzee yule hana sauti, atasema nini?" Nikarudi. Jumapili nilipotoka nje nimevaa sare ya kwaya, nilimkuta amekaa kizingitini na koti lake la ualimu, kofia mkononi. Nikageuka haraka nitazame ukuta.

"Mimi sioni," alisema, safari hii hakumtaja kuku. "Wewe jifunike. Shika fimbo huko mbele, mimi nishike huku nyuma. Hatutaonana, hatutagusana. Mila itakuwa imekosa nini?"

Nikajifunika kanga mpaka kwenye macho. Nikashika fimbo.

Ndivyo tulivyokwenda. Mimi mbele, yeye nyuma, fimbo katikati. Tulichelewa ibada yote kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na udongo wetu ukilowa ni sabuni. Kila tulipopita watu walisimama. Mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka shambani kwake, "Wee! Umemfunga baba mkwe kama ndama?" Mzee akasema polepole nyuma yangu, "Fimbo, mwambie huyo kwamba ndama hupelekwa kwenye majani. Mimi napelekwa kwenye kamati." Nilicheka, nikasahau kuona haya.

Mtoni kuna daraja la magogo. Nilitangulia, nikahisi fimbo imekuwa nzito, halafu imekuwa nyepesi. Alikuwa ameiachia. Niligeuka. Alikuwa amepiga goti moja kwenye gogo, mkono mmoja hewani unatafuta. Niliitupa fimbo, nikaushika. Ulikuwa mkono mwembamba, wa moto, wenye ngozi laini kama ya mtu aliyeshika chaki zaidi ya jembe.

"Mwanangu," alisema, "usiniachie."

Sikumwachia. Uso wake niliuona pale kwa mara ya kwanza. Alifanana na mume wangu, ila yeye alikuwa mpole zaidi kuzunguka mdomo. Tulipovuka hakuna aliyekumbuka kuokota fimbo.

Kanisani walikuwa wamekwisha kuanza mkutano. Mlango wa pembeni una ngazi za juu, asingeweza. Nikaingia naye mlango wa wanaume, nimemshika mkono. Vichwa vyote viligeuka, na mvua ilikuwa imeanza tena kupiga bati. Shemeji yangu akasimama.

"Shemeji, umepotea mlango?"

"Nimemleta baba."

"Karibu, baba mkubwa. Lakini tuko kwenye hoja."

"Na yeye ana hoja," nikasema. "Sauti yake ni ndogo. Atasema kwangu, mimi nitasema kwenu."

Minong'ono ikaanza. Mchungaji, maskini, hakuelewa kwa nini watu wanashangaa binti kumsaidia mzee. Akasema, "Sawa, mama. Mtoa hoja anaitwa nani, katibu aandike?"

Nikasimama pale. Jina lilikuwa limejaa mdomoni na halitoki. "Ni baba wa mume wangu," nikasema. Wanawake upande wa kushoto wakaangua kicheko, na jirani yangu mjane akapiga kelele, "Andika hivyo hivyo, katibu, tunamjua!"

Mzee alianza kusema sikioni kwangu. Alisema kwa Kiswahili, siyo Kinyakyusa, nami nilikuwa narudia kwa sauti ya kwaya.

Alisema: hatukunyang'anywa. Walipokuja kuchukua shule, nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Kuna wenzangu walilia, na mimi nililia. Lakini funguo niliwapa kwa mkono wangu, kwa sababu nchi hii tuliilea humu ndani, na mtoto uliyemlea akija kuomba chumba, humwiti mwizi.

Alisema: watu wa chama kilichodai uhuru walipokuja kwa baiskeli kutafuta mahali pa mkutano, machifu waliogopa, wenye nyumba waliogopa. Wazee wa kanisa tulibishana. Wengine walisema siasa itachafua nyumba ya masomo. Mmisionari hakupenda. Mwisho tukasema, darasa si madhabahu, waingie. Tukafungua kwa wimbo na sala, kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kufungua mkutano. Kuwa na mwenyekiti, kuomba nafasi ya kusema, kunyoosha mikono na anayeshindwa akakubali, hayo yote tulikuwa tumejifunza kwenye baraza la kanisa. Siyo kwamba nchi ni ya kanisa. Ila kanisa liliifundisha kukaa kikao.

Hapo shemeji yangu akasema, "Baba mkubwa, basi hata wewe unakubali! Sisi ndio tulioanzisha. Sasa tufaidi."

Mzee alinivuta kanga. Nikarudia: "Anauliza, mnajua taa ya karabai ya mkutano ule ilikuwa ya nani?"

Hakuna aliyejua.

"Ilikuwa ya fundi cherehani wa Tukuyu, Mwislamu. Sisi tulitoa darasa, yeye alitoa mwanga. Aliyelinda mlango alikuwa wa lile kanisa jingine, na siku hizo tuliwakataza binti zetu kuolewa huko. Na kulikuwa na wazee wasiobatizwa kabisa, wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kama tungewaweka nje, mngekuwa na kanisa. Msingekuwa na nchi."

Mkulima mmoja kutoka upande wa wanaume akadakia, "Na hawa walokole wapya, wanaotupigia vipaza sauti usiku kucha, nao watoto wao waje?"

Mzee akacheka, ikabidi nisubiri. "Anasema waje. Ila saa ya hesabu wavizime."

Kanisa zima likacheka, hata shemeji yangu. Mchungaji akasema wanaotaka shule ipokee watoto wote wanyooshe mikono.

Mzee aliuliza, "Wako wangapi?" Nikamwambia ni wengi. "Wengi ni nani?" Akanishika mkono kwa nguvu. Hakuweza kuona, na alitaka kujua. Basi nikamtajia sikioni mmoja mmoja, kuanzia mstari wa mbele: huyu mwanafunzi wako, yule mtoto wa mwanafunzi wako, huyu mama uliyembatizia watoto walipokosa mchungaji, hawa wa Matwebe wote. Upande wa wanaume nilitaja walionyoosha na wasionyoosha. Kila jina aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayeita darasa na kukuta limejaa. Nilipofika kwa shemeji yangu nikasita.

"Na yeye?"

"Hajanyoosha, baba."

"Usimchukie," akasema. "Hakuwepo siku zile."

Hoja ya shemeji ilianguka. Lakini nisidanganye kwamba kila kitu kilikwenda alivyotaka. Waliandika kwamba mkuu wa shule lazima awe wa kanisa letu, na mzee hakulipenda hilo. Shule ilifunguliwa, ikapokea wa aina zote. Wajukuu wangu wawili walisoma humo, wakakaa dawati moja na mtoto wa walokole.

Jioni ile ile shangazi wa mume wangu alifika kwangu amekasirika. "Umeingia mlango wa wanaume! Umemshika mkono! Ungefanya hivyo mama mkwe wako akiwa hai?" Kabla sijajibu, mzee aliita kutoka kwake kwa ile sauti yake ndogo, na shangazi ikabidi akasimame mlangoni ili asikie. Alimwambia dada yake, "Nilipokuwa naanguka mtoni, wewe ulikuwa wapi?" Shangazi akakaa. Nilimletea chai, akanywa, akaondoka bila kuniaga. Baada ya mavuno alirudi na unga.

Asubuhi baada ya mkutano nilipeleka chakula kizingitini kama kawaida. Mzee akasema, "Ingia." Nikasimama. "Ingia, mwanangu. Nimechoka kula peke yangu."

Nikavua ndala, nikaingia. Miaka yote ile nilikuwa nimefagia uwanja mpaka kwenye kizingiti kile na kuishia hapo. Ndani kulikuwa na kitanda, kigoda cha mama mkwe na dirisha linalotazama jikoni kwangu. Nilikaa kwenye kigoda. Tulikula, kila mmoja akiogopa kumaliza kabla ya mwenzake. Halafu akasema mbalaga imepikwa vizuri. Nikamshukuru, "Ndaga, baba."

Aliishi mpaka msimu wa mahindi uliofuata, na chakula chake chote tulikula pamoja.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Wimbo wa kufunga mkutano sina uhakika nao. Kichwani mwangu tuliimba, lakini jirani yangu anasema mchungaji alitoa baraka tu, watu wakakimbilia nje kwa sababu mvua ilikuwa imekatika. Na mama mmoja wa Matwebe nilimtajia mzee kwamba amenyoosha mkono, kumbe huenda alikuwa anamshikilia mtoto. Kama ni wewe unayesoma, au ni mwanao, njoo uniambie. Nyumbani ni pale pale. Nitakupikia, utanisahihisha tukiwa tunakula.